Albamu Iitwayo 82, na Mtu Aliyeifunika

Msomaji, ikiwa wewe ni mwenyeji wa Malindi, Watamu au Kilifi, hapana shaka umepata kusikia, tena si mara moja wala mbili, wimbo wa kuwaamkia wageni ukipigwa jioni katika hoteli za ufukoni. Yamkini umeusikia mara nyingi hata masikio yako hayaupokei tena, kama vile mkaa pwani asivyosikia mawimbi. Ukiulizwa ni nani aliyeutunga, labda utajibu kwamba ni wimbo wa zamani usio na mwenyewe, kama nyimbo za harusi na za jando. Jibu hilo si sahihi. Wimbo huo huitwa "Jambo Bwana", na mtunzi wake ni Teddy Kalanda Harrison wa bendi ya Them Mushrooms, bendi ya ndugu wa nyumba moja ambao kwao ni Kaloleni, katika Kilifi hii hii yetu. Ulitolewa katika santuri mwaka 1982, na hata kufikia mwaka 1987 zilikuwa zimekwisha kuuzwa nakala zaidi ya 200,000. Mwaka 1983 bendi ya Boney M., iliyokuwa na makao yake Ujerumani, ilitoa wimbo huo kwa namna yake, na tangu hapo umeimbwa na kila mtu, kila mahali, kwa majina mbalimbali.

Naanza na wimbo huu ingawa nia yangu ni kunena juu ya kazi nyingine, kwa sababu utanirahisishia kueleza jambo ambalo wahakiki wengi hulipita. Sote twajua kwamba kazi ya sanaa hudhurika ikikataliwa. Walakini yaweza kudhurika vile vile kwa kupokewa. "Jambo Bwana" ilipokewa kwa shangwe kubwa hata wale walioitunga wakatoweka nyuma yake. Waulize vijana kumi wa pwani kama wajua kwamba ndugu hao walipiga rege na chakacha, au kwamba walishirikiana na mzee wetu Fundi Konde kuzirudisha hewani nyimbo zake za ujana; utakuwa na bahati ukimpata mmoja. Salamu ilipendwa, na aliyeitoa hakuulizwa jina.

Miaka 27 baada ya "Jambo Bwana" jambo la namna hiyo liliwapata vijana wanne wa Nairobi, kwa njia nyingine kabisa. Albamu yao, kwa sadfa ya ajabu, inaitwa 82.

Vijana hao ni Bill Sellanga, ambaye hujulikana pia kwa jina la Blinky Bill, Daniel Muli, Jim Chuchu na Mbithi Masya. Walikutana katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, na mwaka 2003 wakaunda kundi walilolipa jina la Just a Band, yaani bendi tu, si zaidi. Jina hilo lina unyenyekevu wa mzaha ndani yake, kwa maana hawakuwa bendi kwa namna ambayo baba zetu wangeielewa. Hapakuwa na safu ya matarumbeta, wala mwimbaji aliyevaa tai, wala mkataba wa kupiga kila Jumamosi katika ukumbi fulani. Chombo chao kikubwa kilikuwa kompyuta. Walitunga wenyewe, wakaimba wenyewe, wakanasa sauti wenyewe, na waliposhuka kwenye picha, wakachora na kupiga filamu wenyewe. Hawakungoja kampuni kubwa iwafungulie mlango. Wapenzi wa muziki wa Ulaya na Marekani wana namna ya kuwataja wanamuziki wa aina hii: huwaita watu wa kujitegemea. Muziki wa Just a Band ni wa dansi zaidi kuliko wa magitaa makali, lakini katika kujitegemea walikuwa ndugu wa wale wa huko.

Albamu yao ya kwanza, Scratch to Reveal, ilitoka mwaka 2008. Jina lake lakumbusha yale maandishi ya kadi za simu ambazo tulikuwa tukizikwangua kwa sarafu ili kupata namba. Ndani yake mna "Iwinyo Piny", wimbo uliofuatana na filamu ya katuni. Walioisikia waliipenda, lakini hawakuwa wengi. Muziki wa namna hiyo ulikuwa mgeni, na mgeni hupewa kwanza kigoda karibu na mlango.

Kisha ikaja ya pili, mwaka 2009. Nataka uelewe ugumu wa kazi ya pili, kwa kuwa hata wewe, ukipata kusifiwa kwa insha moja shuleni, utaujua. Kazi ya kwanza hutungwa kwa muda wa maisha yote yaliyotangulia. Kila wazo lililokuwa limehifadhiwa tangu utoto humwagwa humo. Kazi ya pili hutakiwa baada ya mwaka mmoja, ghala likiwa limefagiwa, na watu wakiwa wamekwisha kujua wanachokitazamia. Msanii mwoga hujirudia. Msanii mwenye majivuno huacha alichokijua akaparamia asichokiweza. Just a Band hawakufanya la kwanza wala la pili: walichukua kile kilichokuwa pembeni katika albamu ya kwanza, yaani mdundo wa dansi na utani wa mtaani wa Nairobi, wakakiweka katikati ya ukumbi.

Tutazame jina. Kwa Mkenya yeyote wa makamo namba 82 haihitaji maelezo. Tarehe 1 Agosti 1982 askari wa jeshi la anga walijaribu kuipindua serikali. Wakakiteka kituo cha redio ya taifa jijini Nairobi, na kwa muda wa saa kadhaa nchi nzima ilisikiliza sauti ya waasi kupitia masanduku yale yale yaliyozoea kuleta taarifa na salamu za wagonjwa. Jaribio likashindwa, watu wengi wakafa, na miaka iliyofuata ikawa miaka ya kunong'ona. Sidai kwamba albamu hii ni kitabu cha historia. Ukitafuta ndani yake masimulizi ya maasi utarudi mikono mitupu. Lakini tafakari: mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa na umri wa miaka 27 albamu ilipotoka. Alikulia katika nyumba ambamo redio ilikuwa moja na wakubwa walipunguza sauti walipotaja siasa. Mtu kama huyo, akipata mashine inayomwezesha kupaza sauti yake bila kuomba ruhusa ya mtu, atasema nini? Jibu la albamu ni la kushangaza kidogo. Hatoi hotuba. Anacheza dansi na kutania.

Utani huo uko wazi zaidi katika wimbo uitwao "Usinibore". Najua baadhi ya walimu wa Kiswahili hukunja uso wanapoliona neno hilo. Ni neno la Kiingereza lililovishwa viambishi vya Kiswahili: u ya mtendaji, si ya kukanusha, ni ya mtendwa, kisha kitenzi cha kigeni chenye maana ya kuchosha. Hebu litazame tena, safari hii kwa jicho la mwanasarufi. Kitenzi cha Kiswahili kinapokanushwa katika dhamira tegemezi huishia kwa irabu e: usinione, usinifunge, usinisumbue. Na neno la Kiingereza lenyewe, linapoandikwa, lina e mwishoni, herufi ambayo kwa Waingereza ni bubu. Imekuja kuangukia mahali pale pale ambapo Kiswahili kilikuwa kikiingojea. Mgeni amekuta kiti chake kimekwisha kuwekwa. Hilo halikubuniwa na bendi, ni kazi ya vijana wa mitaani, lakini kulichagua liwe jina la wimbo ni kazi ya sikio lenye akili.

Nasi watu wa pwani tusiwe wepesi wa kuwacheka. Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwaka 1498, na Wareno walipoondoka walituachia meza, bendera, leso, karata na, kwa bahati mbaya, gereza. Hakuna leo anayedai kwamba kula mezani ni kuharibu lugha. Kosa la "Usinibore", kama lina kosa, liko kwingine. Msemaji wa wimbo ana shauku ya kufanya makubwa duniani, na anamwambia mtu fulani asimpotezee wakati. Shauku hiyo nzuri yarudiwa na kurudiwa, lakini hatuambiwi ni makubwa gani. Mdundo wakimbia mbele. Maneno yamebaki kituoni yakingoja basi. Huu ndio udhaifu wa albamu karibu yote, na afadhali niuseme waziwazi: watunzi hawa wana utajiri wa sauti na umaskini wa beti. Msikilizaji aliyelelewa na mashairi ya pwani, ambayo vina na mizani yake haviruhusu mstari mmoja upite bure, atasikia njaa.

Lakini si udhaifu huo uliozuia albamu isisikilizwe sawasawa. Kilichoizuia kilikuwa furaha.

Tarehe 17 Machi 2010, miezi kadhaa baada ya albamu kutoka, bendi ilitoa filamu fupi ya wimbo wake uitwao "Ha-He". Iliongozwa na wawili wa kundi, Jim Chuchu na Mbithi Masya. Ndani yake mna shujaa mwenye nywele nyingi zilizosimama kama kichaka na kitambaa kichwani, mfano wa mashujaa weusi wa sinema za Kimarekani za miaka ya 1970, naye awashughulikia majambazi mmoja mmoja kwa mateke na dharau. Jina lake Makmende. Asili ya jina hilo ni hadithi tamu. Katika sinema Sudden Impact ya mwaka 1983 mwigizaji Clint Eastwood, akiwa na bastola mkononi, amchokoza jambazi kwa maneno machache ya Kiingereza, akimwambia athubutu tu ili amfurahishie siku yake. Watoto wa Nairobi hawakuyasikia maneno yale sawasawa. Wakayafinyanga kuwa neno moja, wakalitumia kumkejeli kila mwenzao aliyejifanya jabari: nani amekuambia wewe ni Makmende? Kwa hiyo waliokuwa watoto katika miaka ya 1990 walipomwona mtu yule katika filamu, walicheka kicheko cha kukutana na rafiki wa utotoni.

Na hapa, msomaji wa pwani, bahari yetu inaingia katika habari. Hata kufikia mwaka 2009 intaneti ya Kenya ilikuwa ikipitia angani kwa setilaiti, ghali na polepole. Kuitazama filamu ya dakika chache kulihitaji subira ya mvuvi. Mwaka huo nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa, mmoja ukiwa SEACOM, mwingine TEAMS uliotoka Fujairah katika Ghuba, njia ile ile ambayo majahazi ya kaskazi yalikuja nayo zamani. Miezi michache tu baadaye Makmende akajitokeza. Kama angetokea miaka miwili kabla, angetazamwa na marafiki wa bendi na jamaa zao. Sasa alitazamwa na nchi. Watu wakaanza kutunga masihara juu ya nguvu zake, kila mmoja akijaribu kumpita mwenzake kwa chuku. Wakamtengenezea majalada ya magazeti ya kubuni. Wakagombana na wahariri wa kamusi elezo ya Wikipedia waliofuta makala yake mara kwa mara kabla hayajakubaliwa. Shirika la CNN la Marekani likatangaza kwamba Kenya imepata kwa mara ya kwanza kitu kilichoenea kwa intaneti kama moto wa nyika. Wakenya wakafurahi maradufu, kwanza kwa mzaha wenyewe, pili kwa kuonekana na wengine.

Katika shangwe hiyo, nani aliuzungumzia wimbo?

Masihara ya Makmende si kitu kigeni kwetu. Sisi tuna Fumo Liyongo, ambaye masimulizi yake yanatoka huku huku kaskazini mwetu, karibu na mlango wa mto Tana. Naye alisifiwa kwa chuku: urefu wake, nguvu zake, jinsi alivyotisha majeshi. Sikiliza lakini tofauti. Liyongo ana siri, na siri hiyo ni kitovu chake. Mwanawe mwenyewe amchoma sindano ya shaba mahali hapo usingizini, kwa tamaa ya ahadi za adui. Naye Liyongo hufa kisimani amepiga goti, mshale ukiwa tayari katika upinde, na watu wa mji wakakaa na kiu kwa siku kadhaa wakiogopa kumkaribia wakidhani yu hai. Ndipo chuku yote iliyotangulia ikapata uzito, kwa kuwa twajua mwisho wake. Makmende hana kitovu. Hawezi kudhurika, hivyo hawezi kutuhuzunisha, na mzaha usioweza kuhuzunisha huchosha baada ya majuma machache. Ndivyo ilivyokuwa. Kabla ya mwaka kwisha watu walikuwa wamekwisha kumwacha, na walipomwacha waliiacha na albamu, kama watu wanaoondoka ukumbini bwana arusi angali anakula.

Haingekuwa haki kuwalaumu wasikilizaji peke yao. Filamu ya "Ha-He" ilikuwa nzuri kuliko wimbo wake, na hilo bendi ililifanya kwa mikono yake yenyewe. Jina la wimbo ni pumzi mbili tu. Maneno yake ni machache. Mdundo wake ni wa kuchezeka, lakini katika albamu ile una wenziwe walio sawa naye. "Forever People", mathalan, una uchangamfu ambao haukuhitaji shujaa wa kuupigania. Katika "Ha-He" wachoraji na wapiga picha wa kundi waliwashinda wanamuziki wa kundi, ingawa kila mmoja wao alishika zaidi ya kazi moja. Mambo yaliyofuata yameonyesha mshono huo ulikuwa wapi. Baada ya albamu ya tatu, Sorry for the Delay ya mwaka 2012, wenzi hawa walielekea njia mbalimbali. Jim Chuchu aliingia katika kundi la wasanii liitwalo The Nest na kutengeneza filamu. Mbithi Masya aliongoza filamu iitwayo Kati Kati, ambayo mwaka 2016 ilipata tuzo la wahakiki wa kimataifa katika tamasha la Toronto. Blinky Bill alibaki na muziki, akatoa albamu yake mwenyewe mwaka 2018. Ukiisikiliza 82 ukiwa na habari hizi, wasikia watu wanne wakivuta jahazi moja, na jahazi likienda vizuri, na bado waweza kutambua ni yupi anayetazama bara na yupi anayetazama bahari.

Je, albamu ni nzuri? Nasema ni nzuri, nikiisha kutoa kasoro ya beti niliyoitaja. Uzuri wake mkubwa kwangu, mimi mtu wa pwani niliyekulia karibu na milango ya hoteli, ni jambo ambalo huenda msikilizaji wa Nairobi asilione: haimwamkii mgeni. Hakuna mahali ndani yake ambapo mwimbaji anamgeukia mtazamaji kutoka ng'ambo na kumhakikishia kwamba nchi ni njema na shida hazipo. Vijana hawa waliimba kwa ajili ya rika lao, kwa utani ambao mgeni angehitaji kufasiriwa, na mgeni akaja mwenyewe. Simlaumu mtunzi wa "Jambo Bwana"; alitunga wimbo mkamilifu kwa kazi aliyokuwa nayo, naye alikuwa na hadhira mbele yake iliyolipa. Nasikitika tu kwamba vijana wetu wa Kilifi na Malindi wenye vipaji, hata leo, hupimwa kwanza kwa swali la kama wataweza kupiga katika chakula cha jioni cha hoteli. Wapo wanaotunga kwa Kigiriama mambo makali na mapya. Jioni huvaa mashati ya maua na kuimba salamu.

Hivi karibuni niliwasikilizisha vijana watano wa Kilifi nyimbo kadhaa za albamu hii. Wote walizaliwa karibu na mwaka ule wa 2009, na hakuna hata mmoja aliyepata kusikia habari za Makmende. Niliigeuza simu kifudifudi mezani ili wasione picha. "Ha-He" ilipokwisha walisema ni nzuri, wakanyamaza. Ilipokwisha "Usinibore" msichana mmoja aliuliza, je, huyu mwimbaji anayeambiwa asimchoshe ni nani: mzazi, mwalimu, serikali, au sisi tunaomsikiliza? Wenziwe wakaanza kubishana. Nikaurudisha wimbo mwanzo.